Mguu wa 36

Kompyuta yangu inakwenda mapigo 43 kwa dakika. Mwendo huo nimeupanga mwenyewe na ninaupenda. Moyo wangu ukiwa umetulia kabisa bado unaipita. Ipo juu ya meza ya chakula, karibu na chupa ya chai, na haina skrini wala kibodi: bredibodi tatu (vibao vya matundu vya kuchomekea waya) zilizobananishwa pamoja, chipu moja yenye miguu 40, taa nyekundu za LED 16 kwenye mstari mmoja, na waya za kila rangi niliyoweza kupata. Baada ya Isha, watoto wakishalala, nazima taa ya sebuleni, nabonyeza kitufe, kisha nakaa kuzisoma taa zile kama mtu anayesoma barua.

Nafundisha hisabati sekondari hapa Tanga. Marehemu baba alikuwa fundi redio Ngamiani, na mimi ndiye mtoto aliyeshinda kibandani kwake kila likizo. Zilimjia redio za National na za Philips zikiwa bubu, na hata siku moja sikumwona akianza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. "Anza kwenye spika, mama, urudi nyuma," ndivyo alivyoniambia kila mara. Alishika bisibisi, kidole chake kikigusa chuma, akaigusisha ncha kwenye mguu wa kati wa kitufe cha sauti. Spika ikinguruma, basi kuanzia hapo hadi kwenye spika pazima, na ugonjwa uko upande wa antena. Isiponguruma, ugonjwa uko kati ya kitufe na spika. Kwa mguso mmoja alikuwa ameshakata redio nusu kwa nusu.

Mngurumo ule ulikuwa unatoka mwilini mwake. Umeme kwenye nyaya za mtaa mzima unatetema mara 50 kwa sekunde, mwili wa mtu unauokota mtetemo huo kama antena, na kikuza sauti kinaupokea pale bisibisi inapogusa. Nilikuwa na miaka 11 aliponieleza. Kumbukeni maelezo haya, nitayarudia.

Kwa nini mtu mwenye simu mfukoni ahangaike kuunda kompyuta isiyoweza hata kuandika jina lake? Jibu langu ni kwamba simu siwezi kuifuata. Nimefundisha namba za msingi wa mbili kwa miaka 14, nimeandika sifuri na moja ubaoni hadi chaki zikaisha, na muda wote huo sikuwa nimewahi kuiona moja ikiwa moja. Nilitaka kuiona. Nilitaka mashine ambayo naweza kuianzia kwenye spika nikarudi nyuma.

Nikachagua 6502. Chipu hii ilitoka mwaka 1975 kwenye kampuni ya Marekani iitwayo MOS Technology. Chuck Peddle na wenzake, akiwamo Bill Mensch, walikuwa wametoka Motorola, na walichotaka ni chipu ambayo bei yake haitamfukuza mtu. Septemba ya mwaka huo waliiuza San Francisco kwa dola 25, wakati ambapo chipu za kazi hiyo ziliuzwa kwa mamia ya dola. Steve Wozniak akaichukua akatengenezea Apple I. Na wewe uliyekua miaka ya tisini, yale magemu ya kaseti tuliyokuwa tukiyalipia vibandani, yaliyochomekwa kwenye televisheni ya chogo, yalikuwa ya ukoo huohuo: Nintendo walijengea mashine yao juu ya 6502, na nakala zilizotufikia huku zikafuata. Kwa hiyo wengi wetu tumeshaicheza chipu hii bila kujuana nayo. Ina transista 3,500 hivi. Ya simu unayosomea hapa ina mabilioni.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba bado inatengenezwa. Bill Mensch alianzisha kampuni yake, Western Design Center, na toleo lao la leo, W65C02S, lina sifa moja ambayo kwa mtu kama mimi ni zawadi: unaweza kuisimamisha. Ukikata mapigo ya umeme yanayoisogeza, inatulia palepale ilipo, inakumbuka kila kitu, na ukiirudishia mapigo inaendelea na neno ililokuwa inalisema.

Mapigo yenyewe nayatoa kwenye 555, chipu ndogo ya miguu minane aliyoibuni Hans Camenzind mwaka 1971. Wanaoanza ningewashauri waanzie na hiyo kabla ya kitu kingine chochote, maana kwa rezista mbili (vipuri vya kubana umeme) na kapasita moja (kipuri cha kutunza chaji) unapata taa inayowaka na kuzima, na hesabu yake ni ya kidato cha pili. Unagawanya 1.44 kwa zao la kapasita na jumla ya rezista, ile rezista ya pili ukiihesabu mara mbili. Mimi nimeweka omu 1,000, omu 100,000 na maikrofaradi 10. Inatoka 0.716, yaani mapigo 0.716 kwa sekunde. Zidisha kwa 60 upate 43 zangu.

Sasa nieleze taa zinasema nini, kwa sababu hapa ndipo utamu wote ulipo.

Chipu ina miguu 16 ya anwani na minane ya data. Kwenye ile 16 inauliza: "Nipe kilichopo nyumba namba fulani." Kwenye ile minane inasubiri jibu. Mashine kamili ingekuwa na kumbukumbu ya kujibu. Mimi mwanzoni sikuwa nayo, kwa hiyo nikatumia ujanja wanaoutumia wengi: nikaifunga ile miguu minane kwa rezista, mingine kwenye chanya na mingine kwenye hasi, ili jibu liwe lilelile hata iulize nini. Jibu hilo ni 11101010. Katika msingi wa 16, ambamo A hadi F husimama badala ya 10 hadi 15, linaandikwa EA, na kwa 6502 maana yake ni: usifanye kitu, nenda kwenye anwani inayofuata. Kwenye kila mguu wa anwani nikaweka taa moja na rezista ya omu 1,000 (kahawia, nyeusi, nyekundu) ili taa zisiifyonze chipu.

Ukibonyeza kitufe cha kuanza upya, chipu inahangaika na mambo yake ya ndani kwa mapigo machache. Halafu inafanya jambo ambalo limeandikwa ndani yake tangu 1975: inakwenda anwani FFFC, kisha FFFD, kuuliza kazi inaanzia wapi. Kwenye taa zangu ni hivi: taa 14 za kushoto zinawaka zote, mbili za mwisho kulia zimezima. Pigo linalofuata, ile ya mwisho kabisa inawaka. Kote kuwili inajibiwa EA. Basi inaunganisha majibu mawili, inapata EAEA, na pigo linalofuata taa zote zinajipanga upya: 1110 1010 1110 1010. Imefika nyumbani. Kuanzia hapo inahesabu, hatua moja kila mapigo mawili.

Kwa mwendo wangu ingehitaji saa 51 hivi kuzipitia anwani zote 65,536. Kwa mwendo wake wa kawaida wa miaka ile, megahezi 1, yaani mapigo milioni moja kwa sekunde, inamaliza kwa sekunde 0.13. Nimezifanya hesabu hizo mara nyingi na bado zinanishangaza.

Lakini haikuwa hivyo siku ya kwanza, wala mwezi wa kwanza.

Chipu ya kwanza niliiagiza mtandaoni kwa muuzaji wa mbali, bei nzuri, ikakaa njiani wiki saba. Juu yake pameandikwa vizuri kabisa W65C02S. Nikafunga kila waya kwa kufuata karatasi ya mtengenezaji, nikabonyeza kitufe, na taa zikaonyesha upuuzi. Zinaruka huku na huku, hazipiti FFFC, na kila nikianza upya zinaruka kivingine. Nikakagua waya zote 16 za anwani. Nikabadilisha bredibodi, maana hewa ya bahari hapa Tanga inazila zile klipu za ndani, na tundu lililoshika mwaka jana mwaka huu halishiki. Nikabadilisha 555. Wiki mbili zikapita hivyo, na nilikuwa nafanya kosa lilelile ambalo baba alinikataza: nabadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Usiku mmoja nikaacha. Nikachukua kalamu nikajiuliza swali moja tu: mimi nina uhakika gani kwamba chipu hii ndiyo hiyo inayojiita? Nikarudi kwenye karatasi. Kwenye toleo jipya, mguu wa 1 ni wa kutoa ishara. Kwenye 6502 ya zamani, mguu wa 1 ni hasi, na umeunganishwa ndani kwa ndani na mguu wa 21. Nikaichomoa chipu, nikaweka mita kwenye mlio, ambao hulia ncha mbili zikiwa zimeungana, ncha moja mguu wa 1, nyingine mguu wa 21.

Mita ikalia.

Nikachukua pamba, nikaichovya dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikasugua juu ya chipu. Maandishi yakatoka yote na rangi nyeusi ikabaki kwenye pamba. Chini yake palikuwa na uso uliosuguliwa kwa msasa. Nilikuwa nimeuziwa chipu ya zamani iliyovishwa jina jipya. Roho iliniuma sana, na nasema wazi kwamba ule ni wizi, kwa sababu anayeibiwa ni mtu anayejifunza, na anayejifunza hudhani kosa ni lake. Mwanafunzi angeachia hapo na kujiona hana akili.

Ile ya zamani haiwezi kwenda polepole. Inachokikumbuka ndani inakishika kama maji kwenye mtungi wenye ufa: lazima ujaze tena kabla hayajaisha, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Mimi nilikuwa naijazia mara moja kila sekunde na nusu. Kila pigo lilipofika, mtungi ulikuwa mkavu.

Basi chipu yenyewe nayo sikuitupa. Nilikuwa na kisanduku cha fuwele kinachotoa mapigo ya megahezi 1. Nikabadili waya kwa ajili ya aina ya zamani: mguu wa 1 nikaupeleka hasi, na mguu wa 36, ambao kwa chipu ya zamani hauna kazi, nikauchomolea rezista yake. Nikaiwasha. Taa 12 au 13 za kulia zikawa kama zimewaka moja kwa moja, hafifu, kwa kasi. Lakini ya kushoto kabisa ilikuwa inapepesa mara saba, nane kwa sekunde, sawasawa na hesabu inavyotaka ukigawanya milioni moja kwa 131,072, yaani anwani zote mara mapigo mawili. Ilikuwa chipu nzima, inahesabu vizuri, na huenda ilikuwa inahesabu tangu kabla sijaanza darasa la kwanza. Nimeihifadhi kwenye kopo la baba la vipuri.

Ya pili niliipata kwa muuzaji anayetambuliwa na watengenezaji, kwa bei karibu mara tatu ukijumlisha usafirishaji. Nikaijaribu kwanza kwa mita: kimya. Nikaondoa ule waya wa mguu wa 1. Nikarudisha 555. Nikabonyeza kitufe.

FFFC. FFFD. EAEA. Nilisimama. Nilimwamsha mume wangu, naye, Mungu ambariki, akaja akakaa akatazama taa kwa dakika kumi akiwa na shuka begani, akaniuliza maswali ya kweli. Kisha nikanyoosha mkono kuchukua kikombe kilichokuwa nyuma ya bredibodi na taa zote 16 zikazimika.

Nikarudisha mkono. Zikawaka, na hesabu ikawa imesonga mbele, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikapeleka mkono tena, taratibu. Sentimita tano hivi kabla ya waya za upande wa kulia, zikazimika. Sikuwa nimegusa kitu.

Mume wangu akasema labda ni waya iliyolegea na meza inatikisika. Nami mwanzoni nilidhani hivyo. Lakini meza ilikuwa imetulia, na hesabu ilikuwa inaendelea gizani: nilipoondoa mkono, anwani ilikuwa pale ambapo ingekuwa kama taa zisingezimika. Ubongo ulikuwa unafanya kazi, mdomo ndio uliokuwa unafungwa. Kuna mguu mmoja tu kwenye chipu hiyo wenye kazi ya kufungua na kufunga mdomo, na ni ule wa 36. Ukiwa chanya, chipu inasema kwenye waya za anwani. Ukiwa hasi, inaziachia ili chipu nyingine izitumie. Na mimi rezista yake nilikuwa nimeichomoa kwa ajili ya ile ya zamani, sikuirudisha. Waya wake mfupi ulikuwa umesimama hewani, haujashikwa na chanya wala hasi.

Waya usioshikwa, mbele ya mguu unaohisi kiasi kidogo sana cha umeme, ni antena. Mkono wangu ulikuwa umebeba mtetemo uleule wa nyaya za mtaa ambao baba alikuwa akiupitisha kwenye bisibisi. Kwake ulikuwa kipimo. Kwangu ulikuwa ugonjwa. Nilikaa pale saa sita ya usiku nikalia kidogo, na sioni haya kuandika hivyo. Miaka tisa tangu azikwe na bado alikuwa ananifundisha.

Rezista moja ya omu 3,300 kutoka mguu wa 36 kwenda chanya, na kwisha. Naongezea kwa wanaojenga: mguu wa 2, wa 4 na wa 6 vilevile, usiuache hata mmoja hewani. Na kapasita ya maikrofaradi 0.1, ile iliyoandikwa 104, iwe karibu kabisa na mguu wa 8 wa chipu.

Kuhusu umeme: natumia chaja ya simu ya volti 5. Nimekata kebo yake, nyekundu chanya, nyeusi hasi, nyeupe na kijani nimezikunja pembeni kila moja na utepe wake. Umeme ukikatika nahamia kwenye pawabenki, nayo ilinisumbua kwa namna yake, kwa sababu mashine inakula kidogo mno hadi pawabenki inadhani simu imejaa na inajizima. Nikaweka rezista ya omu 47 ya wati 1 kati ya chanya na hasi, inywe miliampea 100 na ushee bila kazi nyingine yoyote, ili pawabenki ibaki macho. Inapata moto, msiiguse. Na wale mnaookota vipuri kwenye televisheni za chogo, tafadhali: ile bomba ya kioo inaweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kama hukufundishwa kuitoa ile chaji, iache, vipuri vimejaa kwenye redio mbovu.

Jumamosi iliyopita niliipeleka shule ndani ya boksi la viatu. Walikuja wanafunzi 19 wa kidato cha pili, bila kulazimishwa. Nikafunga mapazia ya maabara. Tukasoma taa kwa pamoja kwa sauti, moja, moja, moja, sifuri, na walipofika EAEA baadhi walipiga makofi kabla sijawaambia kwamba ndiyo yenyewe, walikuwa wameshaikokotoa kwenye madaftari.

Kisha nikachomoa rezista ya mguu wa 36, nikaacha waya umesimama. Nikamwita binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mwaka mzima hajanyoosha mkono darasani, nikamwambia asogeze kidole bila kugusa. Akasogeza polepole. Taa zikazimika. Darasa likanyamaza. Akakirudisha kidole, zikawaka, na wenzake wakasoma anwani na kusema imeruka tatu.

"Madam," akasema, bado anatazama kidole chake, "naomba nirudie."

Akarudia. Akarudia tena kwa kiganja, kisha kwa kalamu ya plastiki, ambayo haikufanya kitu, kisha kwa rula ya chuma aliyoishika mkononi, ambayo ilifanya. Sikuwa nimemwambia ajaribu rula.